Nyanya Haisahau Kiu

Ndoo ni ya rangi, ilibaki walipopaka zahanati,
mkono umekatika, mdomo una ufa.
Nilichoma msumari jikoni ukawa mwekundu,
nikaitoboa chini mara tano,
maana mmea nao huzama.

Udongo nilichota chini ya mikorosho ya mama,
nikachanganya na samadi ya mbuzi wa Bi Nampota,
ya mwaka jana, iliyokwisha harufu.
Ile mbichi inaunguza.
Niliunguza miche minane. Tuyaache hayo.

Huku Newala juu maji ni mgeni mwenye cheo:
tunaambiwa yuko njiani, tunapanga madumu, hafiki.
Akifika ni usiku wa manane,
bomba linakohoa, linatema kutu, linafoka,
na mtaa mzima unaamka kwa kelele za plastiki.

Mwaka wa kwanza nilidhani kupenda ni wingi.
Siku ya bomba nilimwagilia mpaka ndoo ikafurika,
kisha siku tisa nikauambia mche: vumilia.
Ukavumilia.
Ukachanua njano, ukafunga nyanya sita
za kung'aa, nikaita majirani waje kuona.
Zilipoanza kuiva nikazigeuza.
Kila moja kitako cheusi, kimebonyea,
kama ilikalia kaa la moto.

Nikalaumu wadudu. Nikalaumu jicho la mtu.
Nikanyunyiza majivu, nikanyunyiza mwarobaini,
nikataja kantangaze kwa sauti ya chini
kama anayetaja mchawi.
Bwana shamba Chitanda akaja na pikipiki yake,
hata kofia hakuvua. Akageuza moja, akauliza:
"Wiki ile ya maua, ilikunywa?"

Nikahesabu kurudi nyuma kwa vidole.
Ndiyo wiki bomba lilipokauka.

"Haikuumwa jana, mama Fadina. Nyanya haisahau kiu.
Kikombe kila jioni kinashinda pipa la Jumanne."

Akapiga kiki, akaenda zake.
Nikabaki na nyanya mkononi, nikimuwaza Likwata,
anayekuja mnada wa pili wa korosho ukishalipwa:
mchele kilo hamsini, vitenge vitatu, redio,
Fadina mabegani mpaka sokoni na kurudi.
Halafu Desemba anafuata deni lake Tandahimba,
na simu haipatikani hadi mabibo mapya yaanguke.
Jioni ile nilimtazama Fadina
upande ule ambao mtu hatazami.
Miaka tisa. Hauliziulizi tena.
Watu husema ana adabu.

Siku hizi ndoo zipo nne, na sufuria moja iliyotoboka.
Maji ya kuoshea mchele ni yao.
Tunamimina shinani, jani lisilowe,
juu ya udongo tumelaza nyasi kavu
ili jua lisitunyang'anye kidogo chetu.
Kijiti, na upindo wa khanga iliyochakaa,
fundo la kulegea, shina linanenepa.
Chipukizi la kwapani Fadina analivunja kwa kucha,
ananusa vidole, anacheka peke yake.
Kikombe ni kazi yake. Cha bati, kina ua jekundu.
Tangu Julai hajakosa jioni hata moja,
hata siku upepo wa Shimo la Mungu
ulipoezua choo cha jirani.

Mwezi wa kumi na moja Likwata akaingia na mabegi.
Akakuta kachumbari mezani, akaisifu,
akauliza sokoni zimefika bei gani.
Fadina hakujibu. Alitoka,
akarudi na kikombe, akampa baba yake.
"Kimejaa mchanga," akasema Likwata.
"Si cha kunywa," akasema mtoto. "Twende."

Nikawasikia nje, mmoja akielekeza,
mwingine akikosea, akimwaga juu ya jani.

Hiyo ilikuwa Ijumaa.
Leo ni jioni ya nne.
Mabegi bado yapo mlangoni, hayajafunguliwa,
na kikombe hakipo kwenye msumari wake.
Sisemi kitu.
Nachambua mchele, yale maji nayaweka.